Pahali pa Wairimu

Ijumaa iliyopita nilimkabidhi Faith ufunguo wa stoo ya noti za muziki, nikamwonyesha Brayo namna ya kuuinua mlango kidogo kabla ya kuusukuma, kisha nikaenda nyumbani, nimestaafu. Keki haikuwepo. Kulikuwa na soda, na mtu mmoja alisoma maneno mazuri juu yangu ambayo nashuku aliyaandika kwa ajili ya mtu mwingine, maana alinisifu kwa mpira wa miguu. Sasa nimekaa hapa Lanet, mke wangu ananitazama kama kabati ambalo bado hajaamua litakaa upande gani, na nimeona niwaandikie nyinyi wawili mliobaki. Vyeo na mishahara sitagusia. Vilikuwa vidogo na mnavijua. Nitawaeleza kazi, halafu nitawaeleza kosa moja, kwa sababu boksi lenye kosa hilo liko rafu ya juu kabisa, na sitaki mlifungue bila kujua kilichomo.

Nilipofika kituo chetu cha muziki hapa Nakuru, mnakili wa noti alikuwa Mwalimu Barasa. Kwaya au bendi ikitaka wimbo, yeye aliketi na kalamu akaandika karatasi ya kila mwimbaji na kila mpigaji, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikakataa kunyooka. Siku yangu ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa rula na kuniambia nipige mistari mitano mpaka saa ya chai. Saa ya chai ilipofika akaiangalia ile mistari, akaniambia niendelee mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Muziki huandikwa kwenye mistari hiyo mitano, na mistari hiyo hukatwa vipande kwa vijistari vya kusimama. Wataalamu wana jina lao la vipande hivyo. Mwalimu Barasa aliviita vyumba, na mimi sijawahi kuviita kitu kingine.

Wiki ya pili alinipa karatasi za sauti ya tatu, za kwaya ya kanisa moja iliyokuwa inajiandaa kumpokea askofu. Niliruka chumba kimoja. Nilikiacha kitupu, bila noti, bila hata ile alama inayomwambia mtu anyamaze. Siku ya askofu ilipofika, wanaume wanane walifika kwenye chumba kile wakasimama kama watu waliokuta daraja limebebwa na mto. Wawili waliendelea mbele, watatu wakarudi nyuma, na waliobaki wakatazama dari. Askofu alikuwa mtu mwema, akapiga makofi, na hapo ndipo aibu ilipozidi.

Mwalimu Barasa hakupaza sauti. Aliiweka ile karatasi mezani, akaweka kidole pale.

"Joash," aliniambia, "chumba kitupu ni aibu ya mnakili. Mtu akikuta chumba kitupu anajiuliza mwenye nyumba alienda wapi."

Maneno hayo yaliniingia mwilini. Toka siku hiyo, kabla sijatoa karatasi yoyote, niliipitisha kwenye dirisha, nikaitazama mwanga ukiwa nyuma yake, nikitafuta chumba kitupu. Sikumbuki kumpa mtu tundu tena.

Vifaa vyangu nimeviacha kwenye droo ya kushoto. Kalamu ya nibu, chupa ya wino mweusi, wembe, na kijiko cha chai. Brayo aliniuliza kijiko ni cha nini. Ukiandika noti vibaya kwa wino, huwezi kuifuta, unaikwangua kwa wembe, polepole, ukiulaza wembe karibu usawa wa karatasi. Karatasi inabaki na manyoya, na ukiandika juu yake wino unasambaa. Kwa hiyo unaisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka ilainike. Ndicho kijiko hicho, na msikoroge nacho chai, ingawa mimi nimewahi. Vibanio vya nguo ni vya siku za kupiga nje, kwa sababu upepo wa saa tisa unaoteremka kutoka Menengai hauheshimu okestra. Na jambo ambalo kompyuta haitawaambia: panga ukurasa uishe pale mpigaji ana nafasi ya kufungua mwingine. Mtu wa fidla ana mikono miwili tu, na yote iko kazini.

Kazi ngumu zilikuwepo. Kulikuwa na bendi ya shule moja kule karibu na Kariandusi iliyoazima noti zetu muhula mzima. Ziliporudi zilikuwa nyeupe pe, nikaketi chini nikidhani mtu amefuta kazi yangu yote. Lilikuwa vumbi la yale mawe meupe wanayochimba huko. Nilipuliza karatasi moja moja pale uani mpaka nikaonekana kama mwokaji mikate. Kulikuwa pia na mzee wa Molo aliyekuja na wimbo kichwani tu, akakataa kuuimba mara mbili akisema mara ya pili haitakuwa ya kweli. Niliandika nilichokipata, na nilichokikosa nikakijaza mwenyewe. Alipouona akasema ndio wenyewe.

Hapo ndipo nilipoharibika, kama mnataka kujua. Nilianza kujaza. Mtunzi akileta kazi yenye pengo, nilimwekea noti mbili tatu za kumvusha. Wengine walinishukuru, wengine hawakugundua, na wale ambao hawakugundua ndio walionipendeza zaidi. Nilikuwa nikikaa nyuma ya ukumbi nikisikia noti zangu zikipita katikati ya za mtu mwingine, bila mtu kujua, na nilirudi nyumbani nimeshiba.

Mwalimu Barasa alistaafu, akarudi kwao, akafariki. Kompyuta zikaja. Kazi ya kalamu ikapungua mpaka nikawa mtunza stoo tu, mtu wa kuhesabu karatasi na kukemea panya. Ndipo akaja Chebet.

Chebet mnamjua nyinyi, lakini mwingine anaweza kusoma haya. Ni mtunzi, binti aliyekulia hapa hapa Nakuru, akasomea muziki mbali, akarudi. Alikuwa anatunga kazi kubwa ya okestra, ya karibu nusu saa, na habari yake ilikuwa ni namna sisi watu wa bonde hili tunavyoililia zamani. Sio zamani ya mtu mmoja. Ile ya wote, ile inayozungumzwa kwenye matanga na kwenye foleni za benki, kwamba mvua ilinyesha kwa wakati, maziwa yalikuwa na krimu, na watoto walisalimia. Alikuwa amezunguka na simu yake akirekodi watu. Mmoja alimwigia honi ya treni. Mwingine alimgongea ringi ya gurudumu la lori iliyokuwa kengele ya shule yao. Mama mmoja alilia kwa sababu ya king'ora cha kiwanda cha maziwa, king'ora ambacho, nakumbuka vizuri, kilipokuwepo watu wote walikitukana.

Nilimwambia, "Mimi nilikuwepo zamani hizo. Kulikuwa na viroboto."

Akacheka. "Hao pia nitawaweka, mzee. Fidla zitawafanya."

Alitaka karatasi zote ziandikwe kwa mkono. Nikamwambia kompyuta ingemaliza kwa siku moja. "Najua," alisema, "lakini nataka ikae kama kitu mtu aliandika." Nikaelewa kwamba hata mkono wangu umeshaingia kwenye orodha, kati ya treni na king'ora. Sikukasirika. Nilikuwa na miaka mingi bila kazi ya maana.

Alikosa wimbo wa katikati. Mtu akamwambia kuna mama mzee kule Kabazi, upande wa Subukia, aliyechuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu, akaendelea kuchuma baada ya shamba kugawanywa, na ana wimbo wa kuchumia. Chebet akaniomba twende naye ili niuandike papo hapo, maana simu inashika sauti lakini haihesabu.

Tulimkuta Mama Nyambura ameketi uani anapukuchua mahindi kwenye karai. Binti yake, Mama Shiru, akatuletea viti na chai. Tulisalimiana, tukaulizana mvua, na hakuna aliyetaja wimbo mpaka chai ilipoisha. Kisha mama akaimba, mikono ikiendelea na mahindi.

Aliimba mstari mmoja, akitaja jina lake na kikapu chake. Halafu akanyamaza. Kimya kirefu. Nilisikia punje zikianguka kwenye karai na mguu wake ukigonga udongo taratibu. Mimi nilidhani mama amesahau, na kwa heshima nikaangalia daftari langu. Mara akaimba tena, kipande kifupi kama cha kuitikia, akanyamaza tena. Wimbo mzima ulikuwa hivyo. Kimya kilikuwa kingi kuliko kuimba.

Alipomaliza, Chebet akauliza kwa upole, "Shosho, hapo katikati maneno yalipotea?"

"Hayakupotea. Hapo ni pa Wairimu."

"Wairimu ni nani?"

"Wa laini yetu ya kuchuma. Tulikuwa watano. Kila mtu anaimba jina yake akitembea kwa laini, wengine wanamwitikia. Sasa Wairimu alienda. Mtu wa laini akienda, hatuweki mwingine. Tunatembea pahali pake tukinyamaza, ikiisha tunaendelea."

"Na hao wengine watatu?"

"Hao pia walienda. Nimebaki mimi." Alitupa gunzi kando. "Sasa naimba kidogo. Ile ingine yote nangojea."

Nikamwuliza mbona kimya cha kwanza kilikuwa kirefu kuliko vingine, kwa sababu nilikuwa nimekihesabu: hatua kumi na moja, na vile vingine saba saba.

"Wairimu alikuwa na mguu mbaya," alisema. "Huyo alikuwa anatembea polepole. Utamharakisha akiwa amekufa?"

Chebet alikuwa analia. Mimi nilikuwa naandika. Mama akamtazama Chebet, kisha akanigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa mkubwa, au kwa sababu nilikuwa na kalamu.

"Hiyo kitu yenu iko na watu wangapi?"

"Kama arobaini, mama."

"Arobaini." Alifikiri. "Mimi nikiwangojea peke yangu, nachoka. Nasikia kuku, nasikia pikipiki, nasahau. Lakini watu arobaini wakinyamaza pamoja pale pa Wairimu, labda nitamsikia. Nataka nisikie laini yote mara moja, kabla sijaenda mimi."

"Utaisikia, mama," nilimwambia. Nilisema hivyo na kalamu ikiwa mkononi. Hakuna mtu aliyenilazimisha.

Chebet aliandika sehemu ile vizuri ajabu. Klarineti ilikuwa sauti ya Mama Nyambura. Ikimaliza mstari wake, okestra nzima inanyamaza hatua kumi na moja, halafu kipande cha kuitikia, halafu hatua saba, mpaka laini iishe. Vyumba vile aliviacha vitupu kabisa. Hakuweka hata alama za kunyamaza. Chini yake aliweka vijialama vidogo kama nyayo, ili watu wahesabu.

"Hapa umesahau alama," nilimwambia.

"Sijasahau, mzee. Alama inasema usipige. Mimi sitaki kumwambia mtu asipige. Hapo kuna mtu."

Nilinakili kama alivyoandika. Lakini ndani yangu nilisikia kitu kikikuna. Karatasi arobaini, kila moja na vyumba vitupu, na zote zimeandikwa na Joash. Niliziweka dirishani zikang'aa matundu.

Mazoezi yakaanza, na wapigaji wakapotea. Okestra yetu mnaijua: walimu, wanafunzi, askari wawili wa bendi, daktari wa meno. Wakifika kwenye kimya kile, mmoja anaingia hatua ya nane, mwingine anakohoa, vijana wanacheka. Chebet hakujali. Alisema watakizoea. Aliyejali ni yule anayeshika kijiti mbele. Sisi tulimwita Maestro, kwa kuogopa kumwita kondakta akaulizwa nauli.

Tamasha lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa shule moja hapa mjini. Asubuhi ya siku hiyo Chebet alienda Kabazi kumchukua Mama Nyambura mwenyewe. Sisi tukafanya zoezi la mwisho, na pale pa Wairimu mambo yakaharibika kabisa. Mtu wa tarumbeta aliingia hatua ya sita, kwa nguvu.

Maestro akatupa kijiti kwenye kiti. "Mzee Joash, hii kitu itatuaibisha. Watu watadhani tumesahau. Tufanye nini?"

Naapa aliuliza tu. Hakuniagiza. Mimi ndiye niliyesema, "Tuwape selo noti moja, chini kabisa, laini. Iwavushe. Hakuna atakayesikia."

"Na Chebet?"

"Chebet ataelewa akiona watu hawapotei."

Niliketi kwenye ngazi za jukwaa na karatasi nne za selo. Ningeweza kutumia penseli. Kila mnakili anajua kwamba kitu cha muda huandikwa kwa penseli. Nilitumia wino. Noti moja ndefu pale pa Wairimu, na nyingine tatu pale pa wale wengine. Haikunichukua dakika kumi. Nilizipuliza zikauke, nikazipitisha dirishani, na hakukuwa na tundu hata moja. Nilifurahi, wenzangu. Nawaandikia haya nikiona aibu, lakini nilifurahi.

Ukumbi ulijaa. Honi ya treni ilipopigwa na pembe, mzee mmoja alisimama kabisa. Ringi ya lori ilipogongwa, watu walicheka na kupangusa macho kwa pamoja, watu waliosoma shule tofauti, labda waliochapwa kwa ajili ya kengele ile ile. Viroboto walipita kwenye fidla na sikuona aliyewatambua ila mimi. Mama Nyambura alikuwa mstari wa mbele, kilemba kipya, Mama Shiru kushoto, Chebet kulia. Mimi nilikaa pembeni kwenye kibao, pale ninapokaa siku zote, na nilimwona vizuri.

Klarineti ikaanza mstari wake. Alitikisa kichwa, ndiyo. Mstari ukaisha. Alikunja shingo kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni, mguu ukigonga, na mkono wake wa kulia ukainuka mapajani, umefunguka, vile mtu anavyouinua akiona anayemjua akija kwa mbali. Ndipo selo zikaingia. Zilikuwa nzuri, laini, chini kabisa, kama nilivyoahidi. Hakuna aliyepotea.

Mkono wa mama ulibaki hewani hatua mbili au tatu. Kisha ukashuka. Pale pa wa pili hakuuinua tena.

Watu walipiga makofi mpaka Maestro akainama mara nne. Alinikonyeza. Chebet hakupiga makofi.

Kulikuwa na chai na mandazi nyuma ya ukumbi. Nilimpelekea mama kikombe, kwa sababu ningefanya nini kingine. Alikishika kwa mikono miwili.

"Umefanya kazi, mzee," aliniambia. "Watu ni wengi. Ni kitu kizuri." Akanywa kidogo. "Nani huyo alikuwa anaingia pahali pa Wairimu?"

Hapo ndipo ningesema. Lilikuwa neno moja tu, mimi. Nikasema, "Ni selo, mama. Ile fidla kubwa."

"Mwambie hapo kuna mtu."

"Nitamwambia."

"Nilikuwa nimeanza kumsikia," alisema, bila hasira yoyote, kisha akamwomba Mama Shiru amwongezee sukari.

Chebet alinikuta stoo nikipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ni wewe, mzee?"

"Ni mimi. Walikuwa wanapotea."

"Si wangepotea tu! Wangepotea, halafu? Shosho angejua ni watu wanatafuta njia. Ulisikia vile alituambia. Ulikuwa hapo, ukiandika!"

Nilimwambia kwamba toka Mwalimu Barasa anikanye sijawahi kutoa karatasi yenye chumba kitupu. Akatoka bila kuaga. Afadhali angenitukana.

Baadaye alinipigia simu, ametulia. Alisema okestra itaenda Kabazi kwenyewe, uwanja wa kanisa lililo karibu na kwa Mama Nyambura, na itapiga ile sehemu moja tu, kwa ajili yake. Kitu kilichohitajika ni mimi kukwangua zile noti nne kutoka kwenye zile karatasi nne za selo. Na aliniomba jambo lingine, kwa sauti ndogo: niende kwa mama nimwambie mwenyewe ni nani aliyeingia pale.

Nilisema nitafanya. Kisha nikanuna. Nina umri huu na nilinuna kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko. Nilijiambia kwamba ukumbi mzima ulipenda. Nilijiambia mvua imeharibu barabara ya Kabazi, na kweli ilikuwa imeharibika, lakini matatu za Subukia zilipita kila siku na hata maziwa yalifika mjini. Niliutoa wembe kwenye droo mara mbili, nikaurudisha. Nilianza kuhesabu vitu vya stoo kwa ajili ya kustaafu, kazi ambayo ingeweza kungoja. Wiki zikapita, sio nyingi. Kazi yenyewe ingenichukua asubuhi moja, na safari asubuhi nyingine.

Mama Nyambura alifariki akiwa amelala. Chebet ndiye aliyeniambia, alikuja stoo akasimama mlangoni. Nilidhani mpango wa Kabazi umekufa naye. Akasema hapana, watapiga vile vile, kanisani wamekubali.

"Sasa mzee, zile za selo bado ziko?"

"Ziko. Nitazikwangua leo."

"Na ya klarineti pia," alisema.

Sikuelewa mara moja. Ilinichukua muda, mimi niliyehesabu zile hatua, mimi niliyeambiwa kwa mdomo kabla ya Chebet kuandika noti hata moja. Mtu wa laini akienda, hatuweki mwingine.

Nilianza na selo. Pale pa Wairimu wino ulikuwa umezama sana, kwa sababu nilikuwa nimeikandamiza kalamu kwa kujiamini. Nilikwangua nikiulaza wembe, nikapuliza, nikasugua kwa kijiko. Kisha nikachukua karatasi ya klarineti, yenye mstari wa Mama Nyambura na vile vipande vyake vyote vya kuitikia, mwandiko wangu bora wa miaka mingi, na nikaanza noti ya kwanza. Ilinichukua alasiri yote. Nililia, na nililazimika kukaa mbali na meza ili machozi yasiharibu karatasi, maana hata wakati huo mnakili ni mnakili. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya hapo stoo. Kila kitu kingine mlichoniona nikifanya baada yake kilikuwa kufagia.

Kabazi tulipiga mchana. Vibanio vilihitajika. Mtu wa klarineti alisimama, akaiweka mdomoni, hakuipuliza, na okestra nzima ikakaa kimya laini yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sitawadanganya kwamba nilisikia kitu. Nilisikia ng'ombe, na bati la kanisa likipanuka kwa jua. Lakini kina mama wa pale, bila kuambiwa na mtu, walianza kugonga mguu chini, na hakuna mpigaji hata mmoja aliyepotea. Yule wa tarumbeta alifumba macho na hakuingia popote.

Baadaye nilimtafuta Mama Shiru. Nikamwambia, "Yule aliyeingia pahali pa Wairimu siku ile, haikuwa selo. Ilikuwa mimi. Niliandika mimi."

"Alijua," alisema.

"Alijua?"

"Alisema ulipomletea chai ulishika kikombe vibaya, kama mtu mwenye deni. Alikuwa akisikia gari kwa barabara ananiambia, weka chai, labda ni yule mzee wa kalamu." Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, na alikikunja mpaka kikawa kidogo kabisa. "Aliniambia hivyo mara nyingi."

Basi ndilo boksi hilo, rafu ya juu, limefungwa kwa kamba ya manila. Karatasi za selo zina sehemu nne zilizopauka, na mkizipitisha dirishani mtaona mwanga unapita pale wembe ulipopita. Ya klarineti imepauka ukurasa mzima na haina hata noti moja. Msidhani panya, na msimpigie Chebet kumwuliza kama alisahau. Siku mtakapoombwa kuitoa, wapeni wapigaji kama ilivyo, na mwambieni anayeshika kijiti ahesabu nyayo. Zile nyingine ni saba saba. Za Wairimu ni kumi na moja, na asimharakishe.